Sheria ya maji na choo: inatoka wapi, inakwama wapi

Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano mkuu wa wanachama na mmoja wa waanimateri wetu wa maji na usafi. Tunaichapa namna ilivyosemwa, tumekata salamu tu, na maulizo ya mwisho tumeyafupisha.



Komite iliniomba niseme juu ya sheria za afya na mazingira: zinatengenezwa namna gani, na juu ya nini zikishatengenezwa hatuzioni huku chini. Wamenipa dakika thelathini. Wanaonijua wanajua sitazitosheka.

Nianze na aibu yangu. Wengi hapa mnakijua kile chanzo cha maji cha bondeni, kile tulichojengea ukuta wa simenti na mabomba mawili. Mwaka uliofuata baada ya kukijenga, mtu mmoja alichimba choo juu ya mteremko, hatua chache tu kutoka kwenye chanzo. Komite ya maji, wamama watatu na mzee mmoja, walienda kumwambia. Akawajibu kwa upole kabisa: "Wamama, niko kwenye lupango yangu. Mnionyeshe sheria inayonikataza, nitafukia leo hii."

Wakaenda kwa shefu wa kijiji. Shefu naye akauliza: sheria gani? Wakapanda mpaka kwa mkubwa wake. Naye vilevile: sheria iko, lakini ni ipi, na inasema mita ngapi? Mwisho wakaja kwangu. Mama mmoja akaniambia: "Wewe mwana wetu umesoma iniversite, umesomea mambo haya haya ya afya, tuandikie basi ile sheria kwenye karatasi tumpelekee." Nikakaa kimya. Nilikuwa na diploma ukutani na sikuwa na jibu mdomoni. Nilijua mikrobu ya kolera inapita namna gani kutoka choo mpaka kwenye ndoo. Nilijua kipimo cha mita 30 ambacho sisi wa mashirika tunakirudia kila siku kwenye mafunzo. Lakini kama ile mita 30 ni sheria ya Kongo au ni desturi ya mashirika tu, sikujua.

Toka siku ile njo nilianza kutafuta. Haya nitakayosema ni yale niliyoyakuta.

Kwanza tukumbuke tulikotoka. Wengi wetu tulikulia Tanzania, Lugufu ama Nyarugusu. Kule kambini kanuni za usafi zilikuwa nyingi: choo kiwe wapi, takataka zitupwe shimo gani, nani afagie kwenye bomba. Hakuna aliyeuliza sheria hiyo ilipigiwa kura wapi. Wahamasishaji wa afya walipita nyumba kwa nyumba, maji yalikuwa na dawa ndani, kanuni ilikuja pamoja na bomba, pamoja na sabuni, pamoja na mtu wa kuangalia. Tulipopanda meli Kigoma kurudi Baraka, kuanzia 2005, tulifika kwenye nchi ambayo sheria ziko kwenye vitabu, lakini bomba, sabuni na mtu wa kuangalia haviko. Nafikiri wengi wetu tulidhani sheria hazipo kabisa. Si kweli. Ziko, na zingine ni za zamani kuliko babu zetu.

Sikilizeni hii. Serkali ya Wabelgiji ilitoa ordonansi tarehe 1 Julai 1914 juu ya kuchafua vyanzo, maziwa na mito. Mwaka 1914! Halafu ikaja dekreti ya 6 Mei 1952 juu ya maji ya maziwa na mito. Uhuru ukapatikana, nchi ikabadili jina, ikalirudia, vita vikapita, na muda wote huo mtu akiuliza sheria ya maji ya Kongo alionyeshwa karatasi zile zile za mkoloni. Sheria mpya ya maji, namba 15/026, ilitiwa sahihi tarehe 31 Desemba 2015. Kutoka 1914 mpaka 2015 mhesabu wenyewe.

Sasa, sheria inazaliwa namna gani? Katiba ya 18 Februari 2006 njo mama. Artikulo ya 53 inasema kila mtu ana haki ya mazingira yenye afya, na tena ana wajibu wa kuyatetea, na serkali inatakiwa kulinda mazingira na afya ya wananchi. Artikulo ya 48 inataja haki ya kupata maji ya kunywa. Lakini katiba haisemi choo kikae mita ngapi. Inasema tu kwamba Bunge litatunga misingi.

Wanaoweza kuleta sheria bungeni ni wa aina tatu: serkali, kila mbunge wa taifa, na kila senateri. Serkali ikileta, tunaita mradi wa sheria, umeshapita kwanza kwenye baraza la mawaziri. Mbunge ama senateri akileta, ni pendekezo la sheria. Karatasi inaingia kwenye biro ya Bunge, inapelekwa kwenye komisio ya watu wanaoijua ile kazi, inarudi ukumbini, inapigiwa kura artikulo kwa artikulo. Halafu inavuka kwenda Seneti, inapita njia ile ile. Seneti ikibadili maneno, zinaundwa komisio ya pande zote mbili kutafuta neno moja. Mwisho inafika kwa Prezida wa Jamhuri, ambaye ana siku kumi na tano za kuitangaza, ama kuirudisha waiangalie tena.

Ukisikia hivi unaona ni rahisi kama ngazi. Shida ya kwanza ni wakati. Bunge linakaa mara mbili kwa mwaka, 15 Machi mpaka 15 Juni, na 15 Septemba mpaka 15 Desemba. Kile kikao cha pili kinamezwa na bajeti. Kwa hiyo sheria ya maji machafu na takataka inasubiri nyuma ya mambo yenye kelele: uchaguzi, vita, madini. Takataka hazina mtetezi. Hakuna mbunge aliyechaguliwa juu ya kusema "nitaleta sheria ya vyoo." Watu wangemcheka, na ninyi pia mngemcheka, msinidanganye.

Shida ya pili, na hii iliniuma zaidi, ni lugha. Katiba yetu, artikulo ya 142, inasema serkali isambaze kila sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa, ndani ya siku sitini baada ya kutangazwa. Siku sitini! Lugha nne: Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba. Basi mimi nawauliza, nani kati yetu ameshashika mkononi sheria ya maji ya 2015 kwa Kiswahili? Nimeuliza kwenye biro zote ninazopita, wakubwa wenyewe wananiambia tuko nayo kwa Kifaransa kwenye simu. Yule mtu wa choo alipowaambia wamama "nionyesheni", hakuwa anawadharau. Aliuliza kitu ambacho katiba yenyewe imemwahidi.

Shida ya tatu ni ile ninayoiita sheria bila miguu. Bunge linaandika misingi. Namna ya kuitumia, vipimo, nani anaangalia, nani anatoa adhabu, hayo yanaachiwa dekreti za Waziri mkuu na maamuzi ya mawaziri. Tuko na sheria kubwa ya mazingira, namba 11/009 ya 9 Julai 2011. Ukiisoma, mara kwa mara unakuta maneno haya: dekreti itakayojadiliwa katika baraza la mawaziri itaeleza jambo hili. Unageuza ukurasa, tena dekreti. Kati ya zile dekreti, ile inayoeleza namna ya kuchunguza madhara ya miradi kwa mazingira ilitoka tarehe 2 Agosti 2014. Miaka mitatu baadaye. Na hiyo ni ile iliyobahatika kutoka. Sheria ya maji nayo inataja maeneo ya ulinzi kuzunguka chanzo, ni jambo zuri kabisa, njo lile tulilokuwa tunatafuta. Lakini mwanakijiji hawezi kupima neno "eneo la ulinzi" kwa kamba. Anahitaji mita.

Na hata dekreti ikitoka, si mwisho. Mnaijua ile ya sashe. Tarehe 30 Desemba 2017 serkali ilitoa dekreti namba 17/018, inakataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko na sashe za plastiki. Leo asubuhi nimenunua karanga hapo mlangoni. Zilikuwa ndani ya nini? Mmeona wenyewe. Wanachama wanaovuka kwenda Kigoma wanajua kwamba Tanzania ilipokataza mifuko tarehe 1 Juni 2019, watu waliiacha kweli, na mgeni mwenyewe aliambiwa aiache pale anapoingilia. Rwanda walianza mapema zaidi, 2008. Kwa nini kule ilishika na kwetu haikushika? Wengine wanasema Wakongomani ni watu wa vurugu. Mimi sikubali maneno hayo, wale wale Wakongomani wakifika Kigoma wanafuata. Tofauti ninaiona kwenye mambo mawili. Kule kulikuwa na mtu pale mpakani na pale sokoni, mwenye mshahara, aliyejua karatasi inasema nini. Na pale sokoni kulikuwa na mfuko mwingine wa kununua siku ile ile. Huku, mama wa karanga ukimkataza sashe leo, kesho anafungia kwenye nini? Sheria ambayo haikufikiri juu ya mama wa karanga inabaki karatasi.

Na gharama yake tunailipa sote. Nendeni Bukavu muone namna plastiki na takataka za mjini zinashuka kwenye ziwa Kivu, zinafuata maji mpaka kwenye bwawa la Ruzizi, zinaziba mitambo ya umeme. Watu wanalia hakuna umeme, na kumbe wameutupa wenyewe ziwani. Yale yanayopita pale yanaendelea kushuka na Ruzizi mpaka kwetu, ziwa Tanganyika. Juu ya ziwa hili nchi nne, Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, zilitia sahihi mkataba pale Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003, na kuna mamlaka ya ziwa, biro yake iko Bujumbura. Kwa hiyo hata juu ya maji ambayo wavuvi wetu wanakunywa kule ndani usiku, karatasi iko. Sitakaa hapo, wavuvi wetu wana reunio yao wiki ijayo.

Shida ya nne ni ya faini, ile watu wanaita amande. Nitaongea polepole maana inagusa wakubwa. Mwaka juzi watu wa usafi kutoka biro fulani walipita kwenye avenyu moja, wakaingia katika kila lupango kuangalia choo. Kazi nzuri. Lakini kila choo kilikuwa na kosa, na kila kosa lilikuwa na bei, na bei ilishuka kila mwenye choo alipolia. Kitansi haikutolewa. Wiki ya pili watu waliwaona wanakuja, wakafunga milango na kwenda shamba. Tangu hapo mimi na wareko wetu tukipita kufundisha juu ya kolera, watu wanadhani tumekuja kuhesabu makosa. Kazi ya miaka miwili iliharibika kwa siku tatu. Ninasema hivi ili tusije sisi wenyewe tukaomba sheria yenye amande kabla ya kujua nani atashika ile pesa.

Tena kuna jambo la pesa ya halali. Katiba, artikulo ya 175, inasema asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayokusanywa katika provensi yabaki katika provensi, na kutoka pale sekta zetu zipate sehemu yao. Sheria ya maji ya 2015 imepatia provensi na sekta madaraka ya huduma ya maji. Madaraka yameshuka mlima vizuri. Pesa imechoka njiani.

Wafadhili wetu, mniruhusu neno moja. Mnapenda bomba, na sisi tunapenda bomba, na tunawashukuru kwa yote mliyojenga. Bomba linapigwa picha. Lakini reunio kumi za wanakijiji wakibishana juu ya kanuni moja hazipigwi picha, na katika mipango yenu hakuna mstari wa kulipia chai ya zile reunio. Kile chanzo cha bondeni kilijengwa kwa wiki sita. Kanuni ya kukilinda imetugharimu mwaka na nusu, na bado haijaisha. Nitaeleza.

Nilipoona kwamba kule juu hakuna atakayetuletea mita, nilitafuta kule chini. Sheria ya 7 Oktoba 2008 juu ya miji, komini, sekta na sheferi inaipa sekta uwezo wa kuamua mambo ya usafi ya pale pale. Inataja baraza la sekta linalochaguliwa na wananchi. Baraza hilo huku kwetu hatujawahi kulichagua, kwa hiyo anayebaki na kalamu ni shefu wa sekta. Lakini kalamu iko. Nilifurahi sana. Usiku mmoja nilikaa na kompyuta, nikaandika rasimu ya uamuzi: artikulo sita, Kifaransa kizuri, mita 30 kutoka chanzo chochote, siku tisini za kufukia choo kilicho ndani ya eneo hilo. Nilijiona mbunge.

Asubuhi tukaenda na kamba kupima. Wamama wa komite walishika upande mmoja, mimi upande mwingine. Tuliona choo cha yule bwana, sawa. Lakini ndani ya ile mita 30, tukizunguka pande zote, kulikuwa na vyoo kumi na moja. Kumi na moja! Na wenyewe ni nani? Tisa ni familia za warudi, wanachama wa chama hiki. Walipofika kutoka Tanzania, mashamba ya wazee wao yalikuwa na watu wengine, wakapewa vile vipande vidogo karibu na maji, mita kumi kwa kumi na tano, na hakuna hata mmoja ambaye angeweza kuhamisha choo bila kukichimba mlangoni kwake. Mmoja ni mama mjane anayelea wajukuu wanne. Choo chake sisi wenyewe, shirika letu, tulimsaidia kukijenga. Slabu ina alama yetu.

Ile mama aliniangalia na kamba mkononi, hakunitukana, akaniuliza tu: "Sasa mwanangu, sheria yako inanitoa?" Nilikunja karatasi zangu.

Hapo njo nilielewa kitu ambacho sikufundishwa iniversite. Sheria ya afya ya mazingira si ngumu juu ya sayansi. Sayansi tunayo. Ni ngumu kwa sababu kila mita unayoandika iko na mtu ndani yake, na mara nyingi yule mtu ni maskini kuliko yule anayeandika. Wale wa Kinshasa wanaoandika "maeneo ya ulinzi" bila mita, zamani nilidhani ni wavivu. Leo nafikiri labda kati yao wako walioogopa kamba.

Lakini kuogopa nako kunaua. Wote tunajua kolera huku haiondoki. Uvira, Fizi, Kalemie, tangu miaka ya 1970 inalala na kuamka na sisi. Mvua ikinyesha, mteremko ule wote unashukia kwenye chanzo. Yule mama mjane naye anachota pale pale, na wajukuu wake wanakunywa pale pale. Kwa hiyo hatuwezi kusema tuache mambo yalivyo kwa kumhurumia.

Tuliita barza. Mara ya kwanza walikuja wanaume tu, wakasema vizuri, hawakuamua. Mara ya pili niliomba ifanyike jioni pale pale kwenye chanzo, saa ya kuchota, na wamama walikuwa wengi. Ilikuwa kelele. Wazee wa asili ya pale walikumbusha kwamba zamani, kabla ya vita, ukoo mmoja ulikuwa unalinda chanzo kile, hakuna aliyeoga pale wala kulima juu yake, na aliyevunja alileta mbuzi. Vijana wakacheka juu ya mbuzi. Mimi sikucheka, kwa sababu ile ilikuwa sheria yenye mita, yenye mwangalizi na yenye adhabu, vitu vitatu ambavyo sheria ya 2015 bado haijavifikisha pale bondeni.

Baada ya barza nne walikubaliana hivi. Upande wa juu wa chanzo, kule maji yanakotoka, hakuna choo kipya, na vile vitatu vilivyopo vitafukiwa. Upande wa chini, ambako maji hayarudi nyuma, vile nane vinabaki mpaka vijae, halafu mwenye choo hatachimba kingine pale, atapewa nafasi kwenye choo cha pamoja. Mama mjane yuko upande wa chini. Wale wa juu, komite ya maji itawasaidia kuchimba kwingine, kila familia inayochota itatoa nguvu ya siku moja, kama salongo. Nani anaangalia? Wamama wawili na kijana mmoja, wanabadilishwa kila miezi sita. Adhabu? Walikataa pesa. Anayevunja atabeba mawe ya kutengeneza njia ya chanzo. Mtu wa kitabu atasema mita 30 haikufuatwa. Ndiyo, haikufuatwa, na mimi mwenyewe sina usingizi mzuri juu ya vile nane. Ila siku ile mita 30 ingebaki, tungekuwa na karatasi safi na vyoo kumi na moja.

Hiyo kazi haikuota yenyewe. Wanaoujua mpango wa Vijiji na Shule Safi, ule ambao wizara za afya na elimu zilianza 2008 pamoja na UNICEF, wanakumbuka vipimo vyake: asilimia 80 ya watu wapate maji ya kunywa, asilimia 80 ya nyumba zitumie choo kisafi, asilimia 60 ya watu wanawe mikono kwa sabuni ama majivu, kijiji kifagiliwe hata mara moja kwa mwezi, na cha kwanza kabisa, kuwe na komite inayotembea. Ile si sheria, ni mpango. Lakini vijiji vilivyopita pale vimeshazoea kukaa na kuamua, na pale bondeni wawili wa komite walitoka katika mazoezi hayo.

Sasa choo cha yule bwana. Vyoo viwili vya juu vimefukiwa. Cha tatu ni chake, na bado kiko. Anasema makubaliano ya barza si sheria, na katika hilo ana haki. Ni mwanachama wetu, amelipa mchango wake, na sitamtaja jina, ingawa najua shingo ngapi zimegeuka. Nimekaa naye mara tatu. Si mtu mbaya. Alipoteza mashamba mawili kwa sababu watu walikubaliana bila karatasi, kwa hiyo ameapa hatatii tena kitu kisicho na karatasi. Mtu wa namna hiyo huwezi kumshinda kwa kelele. Mletee karatasi.

Kwa hiyo tunarudi kwa shefu wa sekta. Katiba, artikulo ya 27, inampa kila Mkongomani haki ya kupeleka petisio kwa mkubwa wa serkali, peke yake ama pamoja na wengine, na yule mkubwa anatakiwa ajibu ndani ya miezi mitatu. Komite imeandaa petisio kwa Kiswahili na kwa Kifaransa. Inaomba mambo mawili tu. La kwanza, shefu wa sekta achukue makubaliano ya ile barza, ayatie sahihi yawe uamuzi wa sekta kwa chanzo kile, na mlango ubaki wazi kwa vyanzo vingine kila kimoja na barza yake. La pili, aandike kwa provensi kuomba sheria ya maji kwa Kiswahili, akitaja artikulo ya 142.

Kabla hamjatia sahihi, mjue mnatia sahihi juu yenu wenyewe. Uamuzi ule ukitoka, utamfunga kwanza mwanachama wetu, na kesho chanzo cha upande wako kikipimwa, kamba inaweza kupita jikoni mwako. Asiyetaka asitie, hakuna ubaya, majina ya wasiotia hayataandikwa popote.

Wakati wa maulizo, mama mmoja aliuliza kama miezi mitatu ikipita bila jibu tutafanya nini. Nilimjibu kwamba tutapeleka nakala kwa wabunge wetu wa provensi, kwa sababu bunge la provensi nalo linatunga sheria zake zinazoitwa edi, na mpaka leo hakuna aliyewaomba edi ya vyanzo vya maji. Mzee mmoja aliuliza nani atalipa pikipiki mpaka kwenye biro ya sekta, kwenda na kurudi. Keshia alisema kasha ina nusu. Nusu nyingine ilipatikana pale pale mkutanoni, na sehemu ya kwanza ilitolewa na yule bwana mwenye choo. Alisema anataka aone hiyo karatasi ikirudi na muhuri. Petisio iko kwa sekretere, meza ya kushoto, mpaka Jumamosi saa sita.